Glavu Si Sare ya Shule

Mzazi wa Dar es Salaam akienda kununua sare ya shule ana hesabu yake: shati limzidi mtoto kidogo mabegani, sketi ishuke chini ya goti, viatu viache nafasi mbele ya kidole gumba. Mtoto anakua, nguo itamkuta. Hesabu hiyo imeokoa fedha nyingi kila Januari, wala sina ugomvi nayo. Ila ukiihamishia kwenye glavu ya besiboli, umeharibu. Glavu iliyomzidi mtoto haimsubiri akue. Inamzoesha kudaka vibaya leo hii, mpira unamponyoka, wenzake wanamcheka, na siku vidole vyake vitakapoijaza glavu hiyo yeye atakuwa ameshahamia kwenye mchezo mwingine.

Kwa hiyo chagua glavu kwa mkono wa mtoto ulivyo sasa, na kwa mpira atakaoudaka. Jina la kampuni, rangi na bei vinakuja nyuma sana.

Namwandikia mzazi, mlezi au mwalimu wa michezo aliyeko Kimbiji, au popote kuanzia Gezaulole hadi Tandika na Bunju, ambaye mtoto wake amerudi nyumbani akisema anataka glavu. Huku kwetu hakuna duka la besiboli utakaloingia ukakuta muuzaji anayejua bidhaa yake. Kutoka Kimbiji hadi Kariakoo ni safari: unapita Mwasonga, unapita Kibada, kisha ama unavuka kwa kivuko ama unazunguka darajani. Na ukifika unaweza kuuziwa kitu ambacho si glavu ya besiboli kabisa. Afadhali uondoke nyumbani ukiwa unajua unachokitafuta.

Anaihitaji kweli?

Mtoto wa miaka mitano au sita anayerushiana mpira wa tenisi na dada yake haihitaji. Mikono mitupu inamfundisha vizuri zaidi: anautazama mpira mpaka unamfikia, anaupokea kwa mikono miwili, anaurudisha mkono nyuma kidogo ili mpira usidunde. Wasichana waliocheza rede tangu wako darasa la kwanza wana macho ya kudaka ambayo wavulana waliokulia kwenye soka hawana, na mwalimu anayeanzisha timu shuleni angefanya vyema kuanzia kwao.

Hata nyota wanaweza kuanza bila glavu ya dukani. Mariano Rivera, aliyekuwa mrushaji wa New York Yankees, aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la besiboli mwaka 2019 kwa kura zote bila moja kupungua. Hakuna mchezaji mwingine aliyekuwa amewahi kupata hilo kabla yake. Alikulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi nchini Panama, baba yake akiwa nahodha wa boti ya uvuvi. Watoto wa kijiji kile walijitengenezea glavu kwa maboksi ya maziwa na kucheza ufukweni maji yakipwa. Mtoto wa Kimbiji ana ufukwe wa namna hiyo hiyo mlangoni. Boksi likunjwe, litobolewe pembeni, lipitishwe kamba ya kushikia vidole, na kwa mpira wa tenisi linatosha miezi kadhaa.

Glavu inakuwa lazima siku mpira unapobadilika. Akishaanza kudaka mpira halisi wa besiboli, unaorushwa na mtu aliyemzidi umri na nguvu, kiganja kitupu kinaumia, na mtoto aliyeumia kiganja anaanza kufumba macho mpira unapokuja. Ukimwona anageuza uso pembeni, ujue umechelewa.

Mkono wa kuvaa

Glavu huvaliwa kwenye mkono usiorusha. Mtoto anayerusha kwa kulia anavaa kushoto, ili akishadaka autoe mpira kwa kulia na kuurusha hapo hapo. Hili wanaoanza hulikosea mara nyingi, kwa sababu mtu mzima asiyeujua mchezo anadhani mkono wenye nguvu ndio wa kudakia, kisha anamwona mtoto akivua glavu kila mara ili apate kurusha.

Usimuulize mtoto anaandika kwa mkono gani. Wapo mashoto wengi waliozoeshwa na bibi zao kula kwa mkono wa kulia, wakazoeshwa na walimu kuandikia kulia, lakini bega lao halijasikia mafundisho hayo. Mpe jiwe dogo, mwonyeshe embe bichi lililo juu, mwambie aliangue. Mkono utakaolichukua jiwe bila kufikiri ndio mkono wake wa kurushia. Rudia siku nyingine, mara hii bila kumwambia unatazama nini.

Mashoto anahitaji glavu ya kuvaa kulia, na kuipata ni kazi. Kwenye mizigo ya misaada na ya mitumba glavu za kuvaa kushoto ni nyingi mno kuliko hizo. Usikubali kumbadilisha mtoto mkono ili alingane na glavu iliyopo. Mrushaji wa mkono wa kushoto ana thamani yake katika mchezo huu, kwa kuwa wapigaji hawajamzoea, na kulinda besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha mkimbiaji, pia kunamfaa kuliko wengine. Mtafutie yake hata ikichukua muda; wakati huo aendelee na boksi na mpira wa tenisi.

Onyo dogo kuhusu herufi zilizogongwa kwenye glavu. Kiwanda kimoja huandika mkono unaovaa, kingine mkono unaorusha. Achana na herufi. Ivae mwenyewe: gumba la glavu likielekea upande wa gumba lako na kiganja chake kikitazama mbele, umejua ni ya mkono gani.

Saizi, na jinsi ya kuipima

Saizi ya glavu hutajwa kwa inchi, na kinachopimwa si upana. Chukua futi kamba ya fundi cherehani. Weka mwanzo wake kwenye ncha ya kidole cha shahada cha glavu, ishushe upande wa ndani ikifuata bonde la mfuko unaopokea mpira, hadi chini kabisa kwenye kisigino, pale kiganja kinapoishia karibu na kifundo cha mkono. Hiyo ndiyo namba. Mara nyingi imegongwa pia kwenye kidole kidogo au ndani ya kiganja, lakini glavu iliyotumika sana namba imefutika, na nyingi za Kijapani zimeandikwa namba za kiwanda ambazo hazikwambii inchi. Futi kamba haidanganyi.

Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 6 tafuta inchi 9 hadi 10. Miaka 7 na 8, inchi 10 hadi 11. Kuanzia miaka 9 hadi 12, inchi 11 hadi 11 na robo tatu. Anayecheza nyuma kabisa uwanjani anaweza kuvaa 12. Kijana wa miaka 13 kwenda juu anayecheza karibu na besi huvaa 11 na robo hadi 11 na robo tatu, na wa nyuma 12 hadi 12 na robo tatu. Msichana anayecheza softiboli ni habari nyingine. Mpira wake una mzunguko wa inchi 12 dhidi ya 9 na kidogo za mpira wa besiboli, kwa hiyo mfuko lazima uwe na kina zaidi, na glavu ya inchi 11 na nusu hadi 12 na nusu inamfaa hata kama mkono wake ni mwembamba. Hapo tazama matundu ya vidole: yawe membamba, mkanda wa kifundo uwe wa kukazika.

Miaka ni mwanzo tu wa hesabu. Kuna watoto wa miaka kumi wenye mikono ya baba zao waliovuta nyavu, na wapo wenye vidole vya miaka saba. Kwa hiyo mwite mtoto aje dukani au kwenye kibanda cha mitumba. Kumnunulia glavu akiwa nyumbani ni kubahatisha.

Avae, anyooshe mkono mbele, afungue na kuifunga glavu mara kumi kwa mkono huo mmoja. Mkono wa pili ukija kusaidia, kuna tatizo, na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili. Glavu inaweza kuwa ngumu, au inaweza kuwa kubwa. Ngumu italainika, kubwa haitapungua. Namna ya kuzitofautisha: vaa wewe mtu mzima. Ikikukatalia na wewe, ni ngumu. Ikikunjika kirahisi mkononi mwako lakini kwa mtoto ikakataa, ni kubwa. Vidole vyake vimeishia nusu ya njia na havina nguvu ya kuvuta ncha. Irudishe, hata muuzaji akikuapia kwamba mtoto ataizoea.

Sasa mwekee mpira ndani. Usiuweke katikati ya kiganja. Uweke juu zaidi, kwenye mfuko, chini kidogo ya ule wavu wa ngozi unaounganisha gumba na kidole cha shahada. Hapo ndipo mpira unapotakiwa kutua kila siku ya maisha yake, kwa sababu kiganja kina mifupa na mfuko hauna. Mwambie afunge glavu na kuupindua mkono kiganja kitazame chini, kisha autikise. Mpira ukibaki, mkono una nguvu ya kuimudu. Ukianguka mara mbili tatu, jaribu saizi ya chini yake.

La mwisho: ashushe mkono ubavuni na kukimbia hatua chache. Ikichomoka, au akilazimika kuishika kwa mkono wa pili, na mkanda wa kifundo umeshakazwa mpaka mwisho, ni kubwa tu.

Uchochoro upo kwa aliyepewa glavu inayozidi kidogo na hana njia nyingine. Aingize kidole cha pete na kidole cha mwisho pamoja kwenye tundu la mwisho, vingine visogee tundu moja kila kimoja, tundu lililo karibu na gumba libaki wazi. Wachezaji wakubwa wengi hufanya hivyo kwa hiari yao, kwa kuwa vidole viwili vinafunga upande wa nje kwa nguvu na mfuko unaongezeka kina. Kwa tofauti ya nusu inchi inasaidia. Kwa tofauti ya inchi mbili ni kujidanganya.

Mpira gani, glavu gani

Ili uelewe glavu zinazozunguka Dar es Salaam ni lazima ujue zilikotoka. Besiboli ya shuleni ilianza kuchangamka hapa mwaka 2012, baada ya Shinya Tomonari, mfanyakazi wa shirika la maendeleo la Japani, JICA, kuanza kuifundisha katika Shule ya Sekondari Azania. Kibasila pale Temeke wakaingia, Sanya Juu huko Kilimanjaro wakaingia, kikaundwa chama cha taifa cha besiboli na softiboli, TaBSA. Mwaka 2018 ukajengwa uwanja wa besiboli palepale Azania kwa msaada wa Japani. Mashindano ya taifa ya shule yanaitwa Koshien, kwa jina la uwanja uliojengwa mwaka 1924 huko Nishinomiya, ambako wanafunzi wa sekondari wa Japani hupambana kila majira ya joto.

Matokeo yake kwako wewe mnunuzi ni kwamba glavu nyingi za misaada zimeletwa kutoka Japani, na Wajapani wana besiboli za aina mbili. Ipo ya mpira mgumu, koshiki, ule ule unaochezwa Marekani: kiini cha koki na raba, kikazungushiwa nyuzi, kikavishwa ngozi, uzito gramu 142 hadi 149. Na ipo ya mpira wa raba wenye uwazi ndani, nanshiki, ambao watoto na timu za mitaa hutumia. Mpira wa nanshiki wa wakubwa una gramu 138, wa watoto wa shule ya msingi 129. Uzito haujapishana sana. Kilichopishana ni ugumu: wa raba unabonyea unapogonga, wa ngozi haubonyei.

Glavu ya nanshiki imetengenezwa kwa ngozi nyembamba na pedi kidogo. Ni nyepesi, inafunguka haraka, na kwa mtoto anayeanza ni raha kuivaa. Ukiipeleka kwenye mpira mgumu wa mrushaji wa kidato cha nne, itapasuka kamba na kiganja cha mwanao kitavimba. Kinyume chake pia kina hasara: glavu nzito ya koshiki mkononi mwa mtoto wa miaka tisa anayechezea mpira wa raba ni ubao, mpira unagonga na kuruka nje kabla hajafunga.

Geuza glavu utazame maandishi kwenye kiganja au kwenye lebo ya kifundo. Ukiona 硬式 ni ya mpira mgumu, 軟式 ni ya raba. Herufi ya pili ni moja, tofauti iko kwenye ya kwanza. Zipige picha kwa simu uwe nazo sokoni. Lebo ikiwa imekufa, bonyeza kisigino cha glavu kwa gumba lako: cha koshiki ni kinene na kigumu, cha nanshiki kinabonyea bila ubishi.

Kabla ya kununua chochote, muulize mwalimu wa mtoto swali moja: mnachezea mpira gani? Jibu hilo litakuokolea fedha kuliko mapunguzo yoyote ya bei.

Sokoni

Ukimwambia muuzaji wa Kariakoo unataka glavu za besiboli anaweza kukuletea vitu vitatu ambavyo sivyo. Cha kwanza ni glavu za golikipa wa soka. Hizo ni jozi, na hazina mfuko. Cha pili ni glavu za kriketi, ambazo Dar es Salaam zina historia ndefu kuliko besiboli na ni rahisi kuzipata. Glavu ya mpigaji wa kriketi ina vipande vinene vya pedi mgongoni mwa vidole, ya mdakaji wao ina ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada, nazo pia ni jozi. Cha tatu ndicho hatari zaidi kwa sababu kina jina sahihi: glavu nyembamba za kushikia gongo, zilizoandikwa neno besiboli mgongoni. Hizo humzuia mpigaji asipate malengelenge, hazidaki kitu. Glavu unayoitaka wewe inauzwa moja moja, ni kubwa kuliko mkono wa mtu yeyote, na ina wavu kati ya gumba na kidole cha shahada.

Madukani ipo pia glavu ya plastiki inayong'aa, imefungashwa na gongo jepesi na mpira wa sponji. Ni kichezeo tu. Mtoto achezee na mpira wake wa sponji, lakini asisimame nayo mbele ya mpira halisi.

Mimi ningeanzia kwenye mitumba. Glavu nzuri iliyotumika ni bora kuliko mpya mbovu, na imeshalainishwa na mtoto wa mtu mwingine. Wauzaji wanaofungua mabalo ya mchanganyiko, ya mabegi na vifaa vya michezo, huikuta mara mojamoja na mara nyingi hawajui ni kitu gani, kwa hiyo usiruke kwa furaha ukaitaja kwa jina. Ichukue kama unayeitilia shaka, uikague.

Inuse kwanza. Harufu ya ukungu iliyoingia ndani ya pedi haitoki. Ikunje na utazame ngozi kwenye mikunjo: nyufa nyembamba za juu si kitu, lakini ikiwa inamenyeka kama rangi ya ukuta, hiyo ni rekisini au ngozi iliyokufa. Ngozi halisi ukiikunja inabadilika rangi kidogo na kurudi. Ingiza mkono ndani kabisa upapase bitana. Ikiwa imechanika na pedi inajikusanya upande mmoja, itamchubua. Vuta kila kamba. Kamba iliyokatika si sababu ya kuiacha, ni sababu ya kushusha bei. Kinachonifanya niirudishe ni glavu iliyolegea hadi ikisimamishwa mezani inalala kama kitambaa. Hiyo imemaliza kazi yake, wala fundi hawezi kuirudishia mgongo.

Majina utakayokutana nayo ni Mizuno, ZETT na SSK za Kijapani, Rawlings na Wilson za Kimarekani. Yote ni majina ya heshima, na yote yanatengeneza pia glavu za bei ya chini ambazo hazina tofauti kubwa na zisizo na jina. Ngozi iliyoko mkononi mwako inasema zaidi ya nembo.

Nafasi za kucheza

Kwa mtoto chini ya miaka kumi na miwili hapa pasikusumbue. Atachezeshwa kila mahali, na inafaa iwe hivyo. Glavu moja ya kawaida, mfuko wa wastani, inamtosha.

Glavu mbili tu zina umbo la pekee lisilo na vidole vilivyotengana. Moja ni ya besi ya kwanza, ndefu, na timu changa inaweza kuishi bila hiyo. Nyingine ni ya mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, ya duara na nene, ambayo hupimwa kwa mzunguko wake wote. Ya watoto huwa na inchi 30 hadi 32. Watoto wengi wameitamani tangu walipoona video za Dennis Kasumba, kijana wa Uganda aliyejifua kwa matairi na vifaa vya kuungaunga hadi akafika kuichezea timu ya Frederick Keys huko Maryland, Marekani, mwaka 2023. Mtoto akiitaka kwa sababu ya Kasumba, mpongeze, lakini usimnunulie. Hiyo ni glavu ya timu, ikae shuleni pamoja na kinyago na kinga ya kifua, kwani kuchuchumaa pale bila hivyo viwili ni kumhatarisha.

Kuilainisha

Utasikia dawa nyingi: iloweke, ianike juani, ipake mafuta ya kupikia, iweke chini ya tairi la gari. Zote zinaharakisha kifo. Maji yakikauka yanaondoka na mafuta ya ngozi, jua la pwani linaipasua, na mafuta ya kupikia yanaifanya nzito na kuvuta vumbi. Mafuta ya mgando kidogo kwenye kitambaa, yakapitishwa kwenye mfuko na kwenye mikunjo tu, yanatosha. Ukiona vidole vyako vinateleza, umezidisha.

Kinacholainisha glavu ni mpira kuidondokea. Mtoto arushiane na mwenzake kila jioni, polepole, mpira utue mfukoni. Asipokuwa na mwenzake, chukua mchi mdogo, ufunge kitambaa kichwani, umwache autwange mfuko kwa upole huku akisikiliza mechi redioni. Usiku aweke mpira mfukoni, aifunge glavu kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, ule ule wanaotengenezea manati. Funga mahali pa kukunjika, kati ya gumba na kidole cha mwisho, usiibane ikawa bapa kama chapati. Glavu bapa haifunguki.

Pwani ina mambo yake

Miongozo ya Ulaya na Marekani haitakwambia habari ya Kimbiji. Huku adui wa ngozi ni hewa yenyewe. Upepo wa bahari una chumvi, na masika nyumba nzima inatoa jasho. Glavu iliyofungiwa kwenye mfuko wa nailoni au chini ya godoro kuanzia Machi hadi Mei itatoka imevaa manyoya ya kijani.

Itundike mahali penye upepo na kivuli, ndani ya nyumba, juu, mbali na ukuta unaotoa unyevu. Juu, kwa sababu panya wanapenda ngozi yenye jasho la chumvi, na huanzia kwenye kamba. Akitoka kucheza ufukweni akung'ute mchanga, kisha apitishe mswaki wa zamani kwenye matundu ya kamba. Punje za mchanga zikibaki pale zinasaga kamba kila anapodaka. Ikilowa maji ya chumvi, ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa, ikaukie kivulini huku mpira ukiwa mfukoni, siku mbili au tatu bila kuharakishwa, ndipo uipake mafuta kidogo. Ukungu ukianza, ufute kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba na uiache kwenye upepo. Usitumie jiki. Wala usitumie dawa ya viatu: inaziba ngozi na kuchafua mpira.

Kamba zikikatika usiitupe. Fundi viatu yeyote ana sindano ya kuzipitisha, naye atakuchongea ukanda wa ngozi mwembamba ukimwonyesha ilipotoka kamba ya zamani. Lakini kwa ule wavu kati ya gumba na kidole cha shahada ningempelekea mzee anayeshona nyavu pale pwani. Kamba za wavu zinapita juu na chini kwa mpangilio, na aliyezoea kuziba nyavu anaushika kwa kuutazama mara moja. Mwambie tu asitumie mshipi. Ni mwembamba, unakata matundu ya ngozi. Atumie kamba nene ya kusokotwa, akaze bila kuivuta glavu ikakunjamana. Piga picha kabla ya kufungua kamba ya zamani.

Kama ni timu, si mtoto mmoja

Mwalimu mwenye watoto thelathini na bajeti ya aibu asikate tamaa. Uwanjani wanaodaka ni tisa kwa wakati mmoja, na timu inayopiga haihitaji glavu. Wachezaji wa ligi kuu za Marekani wenyewe walikuwa wakiziacha glavu zao nyasini wanapokwenda kupiga, mpaka kanuni ilipokataza mwaka 1954. Seti moja ya glavu tisa inachezesha timu mbili, mradi zinapopokezana zinaachwa kando ya mstari, mahali ambapo hakuna mtu atakayezikanyaga.

Katika hizo tisa, moja iwe ya mdakaji, moja iwe ya mashoto hata kama kwa sasa huna mashoto, kwa maana yupo, hujamwona tu akirusha jiwe. Mbili au tatu ziwe za inchi 12 kwa walio nyuma. Zinazobaki ziwe za inchi 11 na 11 na nusu, na ndizo zitakazotumika hadi kwisha. Andika namba kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye mkanda wa kifundo wa kila moja, na kila mtoto ajue namba zinazouenea mkono wake, maana wakiachiwa kugombania, mkubwa atachukua nyepesi na mdogo atabaki na ubao.